Marehemu Aliyefufuliwa na Mhariri

"Mmemfufua mtu niliyemzika kwa mikono yangu! Nani aliwatuma?"

Shemeji alikuwa amesimama mbele ya meza ya mhariri, kitabu chake kipya mkononi.

"Mzee, punguza sauti," mhariri akasema. "Kitabu kinakwenda shuleni. Watoto wamalize kusoma huku wanalia? Tumerekebisha ukurasa wa mwisho tu."

"Wa mwisho tu! Hizo nyingine zote niliziandika ili niufikie huo!"

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi pale mlangoni. Nilimsindikiza kwa sababu hata mimi jambo linanihusu. Huyo waliyemfufua ni mdogo wangu wa tumbo moja, mke wa shemeji.

Shemeji mtaani wanamwita Vidole. Yuko kwenye duka la fotokopi, anachapa barua za kazi, mikataba ya nyumba, risala za harusi. Mke wake alipofariki hospitalini, kabla hata hajapata kitanda, bwana huyu hakutoa chozi. Tulimsema mpaka midomo ikatukauka. Kumbe kilio chake alikipeleka kazini. Mteja akitoka, anaandika mistari miwili ya kitabu. Mteja akiingia, anakifunga. Miaka ikaenda hivyo. Mchapishaji wa kwanza alimwambia hadithi haina mvuto, wa pili hakujibu, wa tatu akakubali. Siku hiyo Vidole alipita mtaani kama bwana harusi.

Sasa mhariri akafungua droo, akatoa mkataba.

"Saini hii si yako?"

"Yangu."

"Hapa pameandikwa tunaweza kubadili hadithi tutakavyoona inafaa. Hukusoma?"

Jibu nilikuwa nalo mimi. Mtu anayechapia mtaa mzima mikataba, wa kwake hakuusoma. Maneno yakiingia machoni mwake yanashuka moja kwa moja vidoleni, kichwani hayapiti. Aliwahi kuchapa notisi ya kumfukuza yeye mwenyewe chumbani, akamkabidhi mwenye nyumba, akamwambia karibu tena.

"Kwenye toleo la pili tutaangalia," mhariri akasema.

"Na wewe siku ukifa, mwanangu," nikamwambia, "tutakuangalia kwenye toleo la pili."

Tukatoka. Ukweli ni kwamba maneno yangu hayakubadilisha hata nukta. Mpaka leo watoto wanafundishwa kwamba mdogo wangu alipona.

Lakini shemeji alikuwa na mzigo mwingine. Siku ya msiba mama alimuuliza, "Mwanangu alikufaje? Wewe ndiye uliyekuwa naye." Akasema, "Mama, nitakuambia, nipe muda." Tangu hapo, kila akija kusalimia, mama anamkumbusha: "Mkwe, lile deni langu." Mama hajui kusoma. Kitabu kilikuwa cha kumsomea yeye.

Kutoka kwa mhariri tulikwenda kwa mama, tukamkuta amekaa kitandani. Shemeji akavuta kigoda, akasoma. Alisoma mpaka sauti ikakwaruza. Mama anaitikia tu, "Ehee. Ndiyo, huyo ndiye, alikuwa mbishi hivyo hivyo." Ukafika ukurasa wa mwisho. Mgonjwa akafumbua macho, akatabasamu, akaomba uji.

Mama akainua uso. "Huyo nani?"

"Huyo ni wao, mama. Wamemwandika wao."

"Na wangu je?"

Shemeji akaweka kitabu sakafuni. Nilidhani atanyamaza kama siku zote. Akasema, "Tulikuwa kwenye benchi, tunaambiwa tusubiri. Akaniwekea kichwa mapajani. Akalalamika kwamba funguo zangu za dukani zinamchoma shavu, nizitoe mfukoni."

"Ukazitoa?"

"Zilinasa kwenye uzi, mama. Nikavuta, nikavuta. Zilipotoka, alikuwa ameshakwenda."

Hapo ndipo alipolia, mbele ya mkwe wake, bila kujificha. Mama alimwacha alie mpaka akatulia.

"Basi, baba," akamwambia. "Sikudai tena."