Shingo ya mke wangu niliitangaza safi

Bwana mhariri, jina langu ulifute na mtaa usiutaje, maana hapa Rumonge tunajuana hata kwa kikohozi. Nawaandikia ninyi mnaosoma, na ninyi mnaosomewa.

Nina miaka thelathini na minne na mke mmoja. Sikurithi kitu. Nilifika ukingo huu wa ziwa na mzigo wa chumvi wa mtu mwingine kichwani. Leo nina nyumba ya vyumba vitatu na kazi kwa daktari Mdachi. Kazi yenyewe ni kupapasa shingo. Watu hupangwa mstari, nami napita nyuma yao nikitafuta tezi za malale, ugonjwa wa usingizi unaoua. Nikizikosa nasema "Safi." Nikizipata nasema "Kambi," na karani anaandika jina la kupelekwa kambi ya wagonjwa. Mpaka adhuhuri nimemaliza shingo mia na themanini. Watu hunitania, "Polepole, fundi, shingo hiyo iko na mwenyewe!"

Masika iliyopita ikawa zamu ya mtaa wetu. Mke wangu alisimama wa kumi na mbili. Jirani na rafiki yake, nimwite Mama Zuhura, wa kumi na tatu. Kwa mke wangu vidole viligusa tezi tatu, kila moja kama punje ya haragwe. Nazijua sindano za kambini: niliowapeleka kutoka mtaani kwetu ni kumi na tisa, na wanne walikuwa wamerudi hawaoni. Nikasema "Safi."

Daktari alikuwa karibu, ananitazama. Nikaogopa. Mama Zuhura alikuwa na moja tu, ndogo, ya kutilia shaka. Nikasema "Kambi," tena kwa sauti, nionekane mkali.

Amerudi mwezi uliopita. Ni wa tano kurudi haoni. Mke wangu ndiye anayemshika mkono kwenda ziwani.

Juzi nikifuturu, mke wangu hakukaa. "Baba watoto, siku ya pili ya Idi usitoke kutembelea mutu. Iko neno nataka tuongee."

"Sema sasa, mama."

"Sitaki kuharibu mufungo. Na Mama Zuhura atakuwepo."

"Mmeniundia baraza?" Nikacheka peke yangu.

"Kila siku ananiuliza kama yake ilikuwa kubwa kuliko zangu. Nimemupa shingo, ameshika mwenyewe."

Naumia, siwafichi. Miaka minne ya kazi, kosa moja, na sijui ni mume gani angemwandikisha mkewe.

Leo alasiri nimemkuta amelala ameketi, ungo umeinama, maharagwe ya futari yametapakaa. Nikajiambia ni mfungo. Lakini tumefunga pamoja miaka tisa, sijawahi kumwona amelala mchana. Nikayaokota moja moja, vidole vyangu vikiyapima vyenyewe.

Nikikiri, ni kambi, na pengine macho yake. Nikikana, usingizi huu utamchukua, na anayejua kwa nini atakuwa ameketi mbele yangu. Zimebaki siku ishirini na moja kufika siku hiyo ya Idi. Ninyi mlio mbali na mstari huu, nipeni shauri: nikikaa mbele ya wale wawili, nianze na neno gani?