Bia Nyeusi Chini ya Kitanda Changu

Ilianza Jumapili ya kwanza ya likizo ya Agosti, saa tisa alasiri. Kaka yangu aliingia chumbani kwangu amebeba mtungi wa plastiki, akaniambia nihamishe viatu. Mtungini mlikuwa na bia nyeusi, kali, aliyoipika mwenyewe kwa kimea na shayiri iliyokaangwa hadi ikakaribia kuungua. Nyumbani kwetu Mumbuni, hakuna mahali penye baridi kama chini ya kitanda changu.

Baba wa mchumba wake alikuwa anakuja mwisho wa likizo, kuamua kama atampa binti. Mzee kama huyo kwetu hukaribishwa kwa kaluvu, pombe ya asali. Kaka alitaka kumpa kitu cha watu waliosafiri.

"Umesafiri wapi wewe?" akauliza Susu, nyanya yetu. "Hata Katangi ulienda ukarudi siku hiyo hiyo."

Nililala nikisikiliza mtungi ukicheua usiku kucha. Niliuzoea haraka kuliko nilivyowahi kuwazoea wasichana wa darasani. Ulipotulia, kaka akajaza chupa, kila moja na kijiko kidogo cha sukari ili bia ipate gesi. Kabla hajapiga vizibo, Susu akaonja.

"Kijiko kimoja? Mgeni hata chai hatumwekei kimoja."

Kaka alijikuna shingo. Halafu akaongeza cha pili, na cha tatu.

Siku yenyewe mzee aliketi wima, kofia magotini. Nilitumwa chupa, nikaileta kama nimebeba mtoto wa wenyewe. Kaka alipogusa kizibo tu, kikaruka hadi darini, na povu likamvaa mzee kuanzia ndevu hadi tai. Chumbani kwangu chupa nyingine ikapasuka, kisha nyingine.

Mzee akalamba mdomo wa juu, polepole.

"Kijana, hii ulimpikia mkwe ama ulimpikia simba?"

"Mkwe, baba."

"Haya. Si tamu sana, lakini inaamka mapema. Binti yangu yeye hulala sana." Akamgeukia Susu. "Mama, kaluvu iko?"

Susu, aliyekuwa ameipika bila kumwambia mtu, alishashika kibuyu. Wakanywa, wakakubaliana. Akiondoka, mzee alisema, "Kama kuna chupa imepona, mniwekee ya harusi. Nitaifungulia nje."

Kesho yake asubuhi nilipiga deki chumbani, nikapata moja nzima. Niliivika sweta yangu ya shule, nikaipeleka polepole kivulini nyuma ya tangi la maji, kisha nikawafukuza kuku wote waliokuwa upande ule.