Mashua ya Mvule wa Asembo

Nikiwa msichana mdogo pale Dunga, kando ya ziwa, kulikuwa na mashua moja ufukweni ambayo tulikatazwa kuigusa. Ilikuwa imepinduliwa juu ya nyasi, mbali kidogo na nyingine, na wanawake waliokuja kununua samaki asubuhi waliizunguka kwa upande wa juu, penye matope, ili tu wasipite karibu nayo. Sisi watoto tuliambiwa kwamba ukikanyaga kivuli chake utaota unazama. Mimi nilikuwa na shida zaidi kuliko wenzangu, kwa sababu mashua ile iliundwa na babu yangu.

Tulimwita Kwaro, kama Wajaluo wanavyowaita babu zao, lakini ufukweni kote alijulikana kama Fundi Owuor. Karakana yake ilikuwa mabati juu ya nguzo, bila ukuta hata mmoja, na yeyote aliyetaka kumtazama akifanya kazi alimtazama. Alikuwa na desturi ya kuokota maranda chini, kuyatia mdomoni na kuyatafuna polepole, kisha kuyatema na kusema kama mbao imekauka au bado. Hakuwa mpole. Alizungumza kwa sauti kubwa hata kanisani, na mteja aliyemharakisha aliambiwa achukue mbao zake akaogelee nazo. Lakini mashua zake zilifika mpaka visiwani, na wavuvi walizitambua kwa mbali kwa jinsi pua zake zilivyoinuka.

Ile ya nyasini aliiunda kwa ajili ya rafiki yake mvuvi, Ochola. Mbao zilitoka Asembo, kwenye mvule mkubwa uliokuwa ndani ya boma la watu. Mashua haikuwa imekaa sana majini wakati Ochola alipotoka peke yake jioni moja, mawingu yakiwa yameshuka, na dhoruba ikamkuta. Kesho yake mashua ilionekana ikielea juu chini kati ya magugu maji, nzima kabisa. Ochola mwenyewe alipatikana baadaye, tukamzika.

Matanga hayajaisha, habari ikafika kutoka Asembo pamoja na wachuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani: miaka mingi nyuma, mtu alijinyonga kwenye mvule ule. Kwetu mti kama huo hukatwa ukachomwa mpaka mizizi. Hauachwi usimame, sembuse kuundwa chombo cha kubeba watu. Basi ikasemwa kwamba yule aliyejinyonga alikuwa amemvuta Ochola, na kwamba hatatosheka naye.

Bibi yangu, Dani, alimuuliza babu wakati wa chakula kama alijua habari ya mti ule. Nilitegemea atakana. Hakukana.

"Nilijua," alisema. "Wenye boma waliniambia kabla sijatia shoka. Mke wangu, mti ule haukumshika yule mtu. Ulikuwa umesimama tu."

Dani aliweka sahani yake chini. Aliyosema nayakumbuka hadi leo, kwa sababu aliyasema bila hasira. "Ukiirudisha majini, ziwa litadai mwingine. Na safari hii litabisha hodi hapa kwetu."

Wateja wakaacha kuja. Mmoja alikuja kuchukua mbao alizokuwa ameleta, akazibeba bila kumtazama babu usoni. Shuleni, rafiki niliyekaa naye dawati moja alihamishwa kwa ombi la mama yake. Wengine waliniita mjukuu wa kamba. Sikumwambia mtu nyumbani, lakini nilianza kuichukia ile njia ya matope ambayo watu wote waliifuata kama kondoo.

Aliyevunja kimya ni mjane wa Ochola, Mama Achieng. Alikuja karakanani mchana, mbele ya watu, akamwambia babu kwamba ameshauriwa aiache mashua ioze.

"Mzee, niambie ukweli," alisema. "Kama ni mbaya, nitaichoma mwenyewe. Kama si mbaya, nataka kuvua."

Babu alichukua nyundo, akaenda naye mpaka kwenye nyasi, akaigonga mashua ubao kwa ubao huku watu wakitazama kutoka mbali. Alizibua pamba ya zamani kwenye nyufa, akatia mpya, akaipaka lami. Alipomaliza alisema kwa sauti yake ile ya kanisani kwamba dhoruba ile ingepindua chombo chochote, kwamba alimsihi Ochola asitoke na Ochola hakusikia, na kwamba anayetaka kumlaumu mtu amlaumu yeye, asiulaumu ubao.

Hakuna mvuvi aliyekubali kuingia. Babu akasema ataingia yeye, ingawa alikuwa mzee na kifua kilimsumbua. Mama Achieng akasema atapiga kasia. Hapo ndipo minong'ono ilipozidi, maana wakati ule mwanamke kupanda chombo cha kuvulia lilikuwa jambo la kufukuza samaki wote. Nami, wakati wanaisukuma, niliingia maji ya magoti nikapanda. Sikuitwa. Nilikuwa nimechoka kuzunguka.

Babu akasema, "Kaa katikati. Usisimame."

Dani alikuwa ameketi mchangani, akaligeuzia ziwa mgongo.

Tulipopita magugu, upepo ulianza kutupiga. Haukuwa upepo mkubwa, wavuvi wangeucheka, lakini maji yaliruka yakatulowesha na mbao zikaanza kutoa mlio. Nilikuwa na hakika kwamba mkono ungetokeza ubaoni unishike. Nilikunja miguu, nikaanza kulia. Babu alinichukua kiganja akakibandika kwenye ubavu wa mashua, kwa ndani.

"Unasikia nini?"

Nikamwambia nasikia maji.

"Basi ni maji," alisema, akarudi kwenye nyavu.

Tulirudi na ngege wachache, na hakuna mchuuzi aliyewataka. Mama Achieng akawapika palepale karibu na karakana, na babu akala mpaka akalamba vidole, akiwa amekaa mahali ambapo kila mtu angemwona. Nilikula pia. Dani hakula.

Siku zilivyokwenda, binamu wawili wa Ochola waliona aibu kumwacha mjane apige kasia peke yake, wakaingia. Mashua ikatoka na kurudi kama nyingine. Kisha mvua ndefu zikaja, kifua cha babu kikambana, na kabla mvua hazijaisha akafariki.

Ufukwe mzima ulikumbuka maneno ya Dani. Kwamba daktari wa mjini alikuwa amemwonya babu juu ya mapafu yake tangu kabla ya mvule ule kukatwa, hakuna aliyetaka kusikia. Ziwa lilikuwa limebisha hodi, basi.

Tulikuwa tumetoka tu kumzika wakati wanaume kadhaa waliposhuka ufukweni na mafuta ya taa. Hawakuwa watu wabaya. Waliongozwa na Mzee Oloo, jirani yetu, aliyelia kwa dhati mazishini. Dani aliposikia alishuka na nguo zake za msiba, nikiwa nimemshika mkono, akasimama kati yao na mashua.

Mzee Oloo alimwambia kwa upole, "Mama, ni wewe uliyesema."

"Nilisema," Dani alijibu. "Na bado naogopa. Lakini mume wangu hakuficha mti ule, na mimi sitauficha leo. Mbao zilizobaki alinitengenezea kitanda. Hata nilipojua, niliendelea kukilalia, na alikufa juu yake nikiwa nimemshika. Mkitaka kuchoma, anzeni nyumbani kwangu."

Mzee Oloo akafunga kifuniko cha dumu la mafuta, na wengine wakamfuata kupanda mlima.

Dani aliishi miaka mingi baada ya siku ile, na hakuacha kuamini aliyoyaamini. Sijawahi kumcheka. Mimi niliyepanda kwa ukaidi tu wa mtoto sikuwa na ujasiri kama wake, kwa kuwa yeye alisimama pale akiamini kabisa kwamba kilicho nyuma yake kinaweza kuua. Mama Achieng alivua kwa mashua ile mpaka wanawe wakakua. Haikumzamisha mtu mwingine. Ilizeeka, ikavunjwa, ikawa kuni.

Sasa naishi mjini Kisumu, na tukikutana kwenye harusi au msiba, ndugu zangu bado husimulia jinsi mashua ya mti wa kujinyongea ilivyomchukua Fundi Owuor. Huwa naweka kijiko chini na kuwakatiza. Wananiambia ni hadithi tu, niache watoto wasikie. Nawaambia watoto wasikie hivi: babu yao alikuwa fundi, alijua alichokata, na alikufa kwa kifua. Nayasema haya bila kuulizwa, tena kwa sauti kubwa.