Mzazi Hatoki Juani

Pa, pa, pa. Kilikuwa kiganja cha dada yangu kikipapasa ukuta, akitafuta pa kujishikia ainuke kwenye kigoda. Sauti hiyo haijanitoka masikioni.

Nilikwenda kwake Turwa kumsaidia kazi, akiwa na mimba ya tatu. Shemeji alikuwa machimboni. Mimi shule nilishaacha, kichwa kimejaa ndoto za kufungua saluni Sirari, basi nilimsuka huku nikimpigia porojo. Alicheka sana. Akisimama tu, kicheko kinakatika, anatembea kama bata, mkono nyongani.

Jirani akamtania, "Wee bibi harusi, umezeeka kunizidi?"

"Mifupa ndiyo imezeeka, mdomo bado msichana!"

Mama mkwe wake alimpenda, hilo silikatai. Kila dada alipojifungua, alimweka ndani miezi na miezi, akimshibisha uji wa ulezi, mlango umerudishwa. Jua, alisema, linakausha maziwa, na macho ya wapita njia yanamdhuru mtoto. Mimba nyingine ikiingia, anaambiwa abaki humo humo. Shamba walilima wengine. Wanawake wenzake walimwonea wivu. Hata mimi.

Kliniki, muuguzi alimwona anavyohangaika kupanda kitanda, akamtuma hospitali akapimwe. Majibu yakasema vitamini D imepungua mno mwilini, mifupa imelainika, nyonga zimejibana. Kuzaa kungekuwa na shida. Akapewa vidonge, akaambiwa aote jua kila siku.

"Jua?" dada akacheka. "Hili tunalolikimbia ndiyo dawa?"

Nyumbani nilimwamkia mama mkwe shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, mimi wangu wote niliwalea kivulini. Vidonge ameze, ila nje hapana."

Vidonge alimeza. Uchungu ukaja kabla ya siku zake, ukakaa, mtoto hashuki. Tulipofika hospitali wakampasua. Alikuwa wa kike. Hakulia.

Dada alirudi mikono mitupu, na bado akafungiwa ndani, kwa kuwa ni mzazi. Maziwa yakawa yanalowanisha kanga, wa kuyanyonya hayupo.

"Mdogo wangu, nitatembea tena kweli?"

"Utacheza harusini kwangu mpaka viatu vikatike."

Zamani angenicheka, aniulize bwana harusi yuko wapi. Safari hii aligeukia ukutani.

Mama mkwe sikuweza kumgombeza. Nilimkuta jikoni analia, akisingizia moshi.

Siku ya gulio mama mkwe aliondoka mapema kwenda sokoni, dada amelala. Nikachukua jembe, nikachimba mashimo nyuma ya jiko, nikasimika miti, nikazungushia viroba pande zote mpita njia asione ndani. Nikatandika mkeka. Juu nikaacha wazi.