Mshahara wa Bi Taratibu

Mtaani walimwita Mama Kwanini, na jina hilo hakulipata kwa kuzaa mtoto aitwaye Kwanini. Alikuwa fundi wa simu mwenye kibanda ubavuni mwa duka la vyombo. Mteja akimwambia, "Wewe nibadilishie kioo tu," atauliza simu iliangukia wapi, na alikuwa anaongea na nani hata ikamponyoka. Watu walicheka, wakajibu.

Binti yake alipofikisha miezi minane, mama mkwe aliyekuwa akimlea mchana alitangaza kwamba anarudi kwake.

"Magoti yamegoma, mwanangu. Huyu ameanza kutambaa, na mimi mbio nilishazisahau. Tafuta yaya."

"Sawa, mama. Ila yaya analipwa kiasi gani?"

"Unaniuliza mimi niliyelea watoto sita bila kulipwa hata ahsante?"

Swali likamkaa Mama Kwanini kama mwiba kooni. Bei ya simu aliijua: kifaa kiasi hiki, ufundi kiasi hiki. Lakini kushinda na mtoto wa mtu kutwa nzima, bei yake inaanzia wapi? Mumewe, fundi wa rangi, hakuona ugumu. "Ulizia wenzako wanatoa ngapi, na wewe toa hiyohiyo."

Akaanza na jirani yake, mke wa mwalimu, aliyekuwa akianika nguo.

"Jirani, yule yaya wako unamlipa kiasi gani?"

Mkono wa jirani ukaganda kwenye kamba. "Kwa nini?"

"Nataka kujua tu."

"Kujua tu! Ndivyo wanavyoanza wanaotaka kunyakua yaya wa mwenzao." Akabeba beseni lake na nguo zikichuruzika, akaingia ndani.

Kibandani nako hakupata la maana. Mteja mmoja alitaja kiasi ambacho hakimnunulii mtu sabuni ya mwezi, mwingine akataja kikubwa hadi mwenyewe akaona aibu. Wa tatu, mama aliyejipodoa vizuri, alisema kwake hakuna mambo ya mshahara, yaya wanaishi naye kama ndugu.

"Na huyo ndugu mwisho wa mwezi anawapelekea nini watu wa kwao?" Mama Kwanini akauliza.

Yule mama akakumbuka kuwa ana haraka.

Mwenye duka la vyombo ndiye aliyemletea Bi Taratibu, mwanamke wa makamo aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna jambo alilolifanya mbiombio. Alipofika nyumbani hakukaa mara moja. Alitazama jiko lilivyo chini, akatazama nyaya za umeme kando ya kochi, kisha akainama akaokota kiskurubu kidogo kama punje ya mtama.

"Hiki nini?"

"Cha simu. Kilinidondoka jana."

"Mtoto akikimeza, nitakayeulizwa ni mimi."

Mama Kwanini akafurahi moyoni. Leo amekutana na mwenzake. Akataka kutaja mshahara, Bi Taratibu akamzuia kwa kiganja.

"Kazi kwanza, mama. Ni mtoto peke yake?"

"Mtoto, na vitu vidogovidogo vya nyumbani."

"Vitaje."

Akavitaja: vyombo, sakafu, nguo za mtoto, nguo za baba mtoto, kuchota maji, kupika cha jioni. Kabla hajamaliza akacheka mwenyewe, maana nyumba nzima ilikuwa imeshaingia ndani ya hivyo vidogovidogo.

"Na unarudi saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni."

"Saa kumi na mbili ya ukutani, au ya fundi?"

Mama mkwe, aliyekuwa chumbani akifunga mizigo, akaangua kicheko. "Mwambie ukweli! Huyo harudi kabla ya saa mbili!"

"Sikutukani, mama," Bi Taratibu akasema. "Niliwahi kupeleka redio kwa fundi, akaniambia njoo kesho. Kesho yake ilikula miezi."

Sasa Mama Kwanini akasogeza kiti. Alitaka kujua mwenzake hupangaje bei yake. Bi Taratibu akamsimulia nyumba moja alikoajiriwa kwa mtoto mmoja. Akazaliwa wa pili, kisha wa tatu, na mshahara uleule. "Watoto waliongezeka, mimi sikuongezeka." Tangu hapo huanza na hesabu ya kwake: kodi ya chumba, chakula, nauli, na kitu kidogo cha kubaki. "Kisipobaki kitu nitaondoka, na wewe utasema yaya wote watoro."

Akataja kiasi. Kilikuwa theluthi ya mapato ya kibanda.

"Theluthi!" mumewe akashangaa jioni. "Huyo ni yaya au mbia?"

"Asipokuwepo kibanda kinafungwa. Hizo theluthi mbili nyingine utazitoa wapi?" Kisha akauliza lililokuwa likimtekenya tangu mchana. "Halafu mbona hesabu tunaitoa kwangu tu? Huyu mtoto nilimzaa na nani?"

Mumewe akajishughulisha kubandua rangi kwenye kucha. "Haya," akasema, "nusu yake itoke kwangu."

Wakakubaliana na Bi Taratibu: mtoto, nguo zake na chakula chake, basi. Jumapili ni yake. Ikipita saa kumi na mbili ya ukutani, kila saa ina malipo yake. Na baada ya miezi mitatu watakaa tena.

Mwezi wa kwanza malipo ya kuchelewa yalimuuma Mama Kwanini kama jino. Alilipa bila kubisha, ila wa pili alianza kufunga kibanda mapema, na wateja wakanung'unika kwamba hawajawahi kuona fundi anayejali saa.

Miezi mitatu ilipotimia wakakaa, na Mama Kwanini akaanza kama kawaida yake.

"Kazi imebadilika?"

"Imebadilika. Zamani alikuwa ananifuata, sasa namfuata mimi. Anatembea, anafungua makabati, ananyanyua vifuniko. Nashinda nimeinama." Akaomba nyongeza.

Kibanda kilikuwa kimetoka kwenye mwezi mbaya. Mume na mke wakatazamana, wakanong'onezana, wakatoa nusu ya alichoomba na kueleza sababu bila kuficha. Bi Taratibu akafikiri kwa taratibu zake.

"Nimekubali. Lakini mambo yakitengemaa nitauliza tena."

"Uliza," alisema Mama Kwanini. "Na usipouliza, nitakuuliza kwa nini hukuuliza."

Mtoto alikuwa amesimama katikati yao, ameng'ang'ania sketi ya Bi Taratibu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anajaribu kufungua pochi ya yaya wake aone kuna nini ndani.