Programu ya Ndama na Ng'ombe wa Mama Nafula

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa ushirika wetu wa maziwa pale Kitale alinikabidhi mtungi kabla hajanionyesha kiti. Ulikuwa mtungi wa naitrojeni, ile hewa iliyogeuzwa maji yenye baridi kuliko barafu yoyote, na ndani yake mlikuwa na mbegu za fahali. "Hii ikimwagika, usirudi hapa," akaniambia. "Na mkulima akikuuliza ng'ombe yake itazaa lini, usimwambie 'hivi karibuni'. Mwambie siku." Nikasema sawa, Meneja. Kabla yangu hakuna mwanamke aliyewahi kupewa kazi hiyo pale, na wakulima wengine waliniangalia kama mtu aliyepotea njia. Ndama walipoanza kuzaliwa, wakaanza kuniita Daktari, ingawa udaktari wenyewe sikuusomea.

Kazi ya kupandisha ng'ombe kwa mbegu za mtungi ni kazi ya kushika siku. Ng'ombe akionyesha joto asubuhi, akilia ovyo na kuwapanda wenzake, unampandisha jioni. Akionyesha jioni, unamwendea kesho yake asubuhi. Wiki tatu baadaye unamchungulia tena. Akiwa ametulia, huenda ameshika mimba. Akikaribia kuzaa unamkausha, yaani unaacha kumkama ili kiwele kipumzike. Ukisahau kumkausha utaona maajabu: ndama dhaifu, maziwa kidogo, na mkulima anayekutukana mbele ya watoto wake. Mimi nilizibeba siku zote hizo kichwani, nikizunguka na baiskeli, baadaye na pikipiki.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza, ushirika ukapata kompyuta iliyokwisha kutumika kwingine. Meneja aliifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, na akakataza mtu kuigusa. Mimi niliigusa. Nilinunua kitabu cha kufundisha kuandika programu, na kila saa ya chakula cha mchana nikawa naketi pale na githeri yangu ya mahindi na maharagwe, naandika, nafuta, naandika. Hakuna aliyenituma. Ulikuwa mchezo wangu, kama wengine wanavyocheza drafti. Mwishowe nikapata programu niliyoiita Ndama. Ukiiambia jina la ng'ombe, boma analolala na siku aliyopandishwa, inakuchapia kadi yenye siku ya kumchungulia, ya kumkausha na ya kuzaa. Mara ya kwanza ilisema ng'ombe fulani atazaa mwaka uliopita. Nikaitukana, nikaitengeneza.

Wakati huo nilikuwa nimesoma pale saiba, duka la intaneti mjini, habari za programu huria. Hiyo maana yake ni kwamba hutoi programu peke yake. Unatoa na msimbo, yale maandishi ya ndani yanayoiendesha, pamoja na leseni inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuigawa, mradi naye asiwafungie wengine. Nilipomwambia Meneja kwamba nimeiweka Ndama kwenye mtandao, alivua miwani.

"Ati umepeana bure? Bana, hata mavi ya ng'ombe hapa tunauza!"

"Ni kitu changu, Meneja. Nimekiandika nikila githeri yangu."

"Haya. Watu wakiiharibu, usinililie."

Hakuna aliyeiharibu, kwa sababu kwa muda mrefu hakuna aliyeichukua. Kisha ikaja barua pepe kutoka kwa mwalimu wa hesabu aliyeishi Kibabii, karibu na mji wa Bungoma. Aliitwa Wafula. Alikuwa ameichukua Ndama, akawa anazunguka nayo kwenye vikundi vya wakulima hadi Kimilili, akiandikisha ng'ombe wao na kuwachapia kadi. Loo! Nilitembea Tuwan yote, mtaa niliokuwa nikiishi, nikimwambia kila aliyetaka kusikia na asiyetaka. Watu nisiowajua walikuwa wanatumia kitu nilichokitengeneza! Furaha ile sikuwahi kuipata hata siku ya mshahara.

Barua yake ya pili haikunifurahisha. "Daktari," aliandika, "programu yako inauliza ng'ombe analala boma la nani, kisha kwenye kadi inaandika kwamba huyo ndiye mwenye ng'ombe. Huku kwetu mtu huweka ng'ombe wake kwa rafiki. Mtunzaji anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe, na ndama wakizidi, mtunzaji anapewa mmoja kama shukrani. Nimekutumia kiraka." Kiraka, kwa lugha ya kazi hii, ni kipande kidogo cha msimbo cha kuziba kasoro. Chake kilitenganisha mambo mawili: mwenye ng'ombe, na anayekaa naye.

Nikamjibu kwa mkato: "Asante, Mwalimu, lakini ng'ombe wa watu wawili atalala njaa." Mjue, wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia, wilaya yetu ya Kitale, kutoka upande wa kati wa nchi, na mimi nilizaliwa kwenye shamba lenye waya pande zote nne. Aliye ndani ya waya ni wetu, aliye nje ni wa jirani. Nilimwona Wafula kama mtu anayetaka kunivurugia kazi safi. Kiraka nikakiacha kilivyo.

Mara ya tatu hakuandika, alipiga simu. Huko Kimilili kulikuwa na mzee aliyekuwa akimtunzia mjane mmoja, Mama Nafula, ng'ombe wake. Mama huyo alikuwa amepanga chumba Bungoma mjini, akiuza mboga, na hakuwa na hata nyasi ya kumlisha sungura. Ng'ombe yule ndiye mali pekee aliyoachiwa na mumewe. Sasa yule mzee mtunzaji alikuwa amefariki, na mwanawe, Simiyu, aliyekuwa amekaa miaka mingi mbali kikazi, alikuwa amerudi. Mama Nafula alipokwenda kumwangalia ng'ombe wake, Simiyu alimtolea kadi ya Ndama. Mwenye ng'ombe: Simiyu. Kadi hiyo Wafula aliichapa kabla hajaandika kiraka chake.

"Jumamosi wazee wanakaa," Wafula akasema. "Njoo, Daktari. Ni wewe uliiandika, na hapa wanasema kompyuta haidanganyi."

Nilikwenda. Tuliketi uani kwa Simiyu, wazee kwenye viti, sisi wengine kwenye mabenchi, chai ikipita. Mama Nafula hakugusa chai yake. Alikuwa mwanamke mwembamba wa maneno machache, na alisema mara moja tu: "Mume wangu alimleta huyo ng'ombe hapa akimvuta kwa kamba. Mimi nilikuwa nyuma na fimbo. Nikimkosa, nitabaki na nini?"

Simiyu hakuwa mtu mbaya, hilo nataka mlielewe. "Mimi sikuambiwa kitu," alisema. "Nimekuta ng'ombe kwa zizi ya baba, na karatasi ya kompyuta iko na jina yangu. Si mngefikiria vile mimi nilifikiria?"

Nikasimama. "Ndugu yangu, Mwalimu alipokuja kuandika ng'ombe, alikuuliza nini?"

"Aliniuliza ng'ombe inalala wapi."

"Alikuuliza ni ya nani?"

Akafikiri. "Hapana. Hiyo hakuniuliza."

"Basi kompyuta haijui ni ya nani. Hilo jina mimi ndiye niliyeiambia iliandike hapo."

Mzee mmoja akageuka. "Na kwa nini umwambie mashine aseme kitu hajauliza?"

"Kwa sababu kwetu, mzee, ng'ombe hulala kwa mwenyewe."

Wazee walicheka hadi mmoja akamwaga chai. "Kumbe ni mashine ya wageni!" akasema. Kisha wakarudi kwenye njia yao, wakaita walioona ng'ombe akiletwa, na majirani wawili wakashuhudia. Kabla jua halijafika utosini, ng'ombe alikuwa wa Mama Nafula. Mama yule alifunika uso kwa leso yake, akalia, na mimi nikalia naye bila aibu.

Jambo lililofuata ndilo lililonishangaza. Alipomaliza kulia, Mama Nafula alimwambia Simiyu, "Sasa, mwanangu, endelea kumtunza. Mimi nitampeleka wapi?" Simiyu akainama, akasema, "Sawa, Mama." Wafula alikuwa ananiangalia. Jumatatu iliyofuata nilikwenda saiba nikakiingiza kiraka chake, na jina lake nikaliandika karibu na langu.

Baada ya hapo viraka vilikuja kwa wingi. Kuna aliyetengeneza kadi za Kibukusu, lugha ya kwao kina Wafula, na kuna wa Mlima Elgon aliyefanya Ndama ihesabu na mbuzi. Nyinyi vijana mnaoandika programu, mtu akikwambia kazi yako haijui kwao, usimjibu kama nilivyojibu. Muulize kwao wanafanyaje. Nawaambia hivi nikijua hamtanisikia, maana hata mimi niliambiwa.

Nilipostaafu, Meneja, ambaye naye alikuwa ameshazeeka, aliniambia mbele ya watu kwamba nilikuwa mkaidi kuliko mafahali wote waliopita kwenye mtungi ule. Nilichukulia hiyo kuwa sifa. Kompyuta ile ilikuwa imekufa zamani, na Ndama yenyewe watu walikuwa wameiacha, wakahamia kwenye vitu vya simu. Sikusikitika sana. Kila kitu kina siku zake.

Wiki chache baadaye simu ililia. Alikuwa Simiyu. Mama Nafula alikuwa amefariki, akaniambia, na walikuwa wameshamzika vizuri. Nikampa pole.

"Mjukuu wa yule ng'ombe wake alizaa miezi michache iliyopita, Daktari. Ndama jike, mzuri sana. Ameshaacha kunyonya, na leo nimempeleka kwa Nafula, binti yake, kule alikoolewa."

"Alikuja kumdai?"

"Hapana. Yeye hata hakuwa anajua kama mama yake alikuwa na ng'ombe."