Vifungo vya Maziwa

Arobaini ya mama iliangukia Ijumaa. Baada ya kisomo, baba mkubwa angekaa kitako atugawe: wadogo zangu wawili waende kwake Bagamoyo, mimi nihamie Ilala kwa shangazi. Nyumba nzima ilijua. Mimi nilikuwa na jibu langu moja tu, vifungo.

Shule nilikwishaiacha. Marehemu baba, seremala, alikuwa akichanganya maziwa yaliyoganda na chokaa ya tambuu kupata gundi, na masalia yake yalikauka yakawa magumu kama mfupa. Mimi sikutia chokaa. Muuza maziwa wa baiskeli aliniachia yaliyoanza kuchacha. Niliyapasha moto, nikayakamulia ndimu mpaka yakakatika, nikachuja mabonge kwa kitambaa, nikayakanda na kuyasukuma kwa chupa. Nilikata duara kwa kifuniko cha wanja, nikatoboa matundu kwa sindano. Vifungo nilivikausha uvunguni, kwani jua lilivipasua. Fundi cherehani wa barazani kwetu, pale Kariakoo, alivinunua akavishona kwenye mashati ya watoto, nasi tukala.

Wiki ile ya arobaini masika yakaanza. Uvunguni kukanuka kama ndani ya kibuyu cha mtindi, mende wakaja. Nilivipaka vifungo mafuta ya nazi, nikavirudisha palepale.

Siku ya kikao fundi mwenyewe alinisemea. "Mzee, binti huyu anawalisha wenzake. Tazama shati la huyo mdogo, vifungo ni kazi ya mkono wake."

"Nipe kimoja nikione," baba mkubwa akasema.

Nilimpa kizuri kuliko vyote. Alikigonga kwenye jino, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akakitumbukiza katika bilauri ya chai ya moto iliyokuwa mbele yake. Akaendelea kuzungumza habari za minazi yake.

"Kaka, chai hiyo utainywaje?" shangazi akamuuliza.

"Siinywi. Naisubiri."

Watu wakacheka. Mimi sikuondoa macho kwenye bilauri. Kwetu tulifua kwa maji baridi ya bomba. Haikunijia akilini kujaribu ya moto.

Alipokitoa kwa kijiko, alikibonyeza kwa kidole gumba. Kifungo kikakunjika kama ndewe ya sikio.

"Nguo za watu huenda kwa dobi, mwanangu," akasema, wala hakupaza sauti. "Dobi huchemsha."

Fundi akainamisha kichwa, akitazama mikono yake. Hakuna aliyenitetea tena.

Kesho yake asubuhi basi la Bagamoyo lilikuwa likingoja, na mvua haikukatika. Nilimvalisha mdogo wetu wa mwisho shati lake, nikaanza kumfunga kuanzia shingoni. Shati lilikwisha kulowa mvua.

"Dada, vinateleza," akaniambia.

Nikamwambia asimame vizuri, nikaendelea kufunga.